Fomalini ibaki kwenye maiti, itoke hewani

Tarehe 11 Julai 2024 ulikwisha muda wa mpito ambao Umoja wa Ulaya ulizipa sekta tatu: afya, mazishi na uhifadhi wa maiti. Agizo namba 983 la mwaka 2019 lilikuwa limeweka kikomo cha fomaldehaidi, gesi ambayo ikiyeyushwa majini huitwa fomalini, kwenye hewa ya mahali pa kazi kuwa sehemu 0.3 kwa milioni kwa wastani wa saa 8, na sehemu 0.6 kwa muda mfupi. Sekta hizo tatu ziliachiwa sehemu 0.5 kwa miaka mitano, na sasa nazo zimebanwa na 0.3. Habari hiyo ikisafiri hufupishwa, na ufupisho wake umekuwa huu: Ulaya imepiga marufuku fomalini, kwa hiyo vyuo vya tiba vinavyoendelea kuitumia kwa maiti za kufundishia viko nyuma ya wakati, na inabidi vihamie haraka kwenye dawa “zisizo na fomalini” au viachane na maiti kabisa.

Agizo halisemi hivyo. Kikomo chake kwa fomaldehaidi kinapima kitu kimoja tu, nacho ni hewa anayovuta mfanyakazi. Chuo kinachoingiza fomalini kwenye mishipa ya maiti na bado hewa ya ukumbi ikabaki chini ya 0.3 hakijavuka kikomo hicho. Chuo kinachotangaza dawa mpya lakini kinapasulia maiti kwenye chumba kisichopitisha hewa kinaweza kuwa kimebadilisha sumu moja kwa nyingine. Kwa vyuo vya Afrika Mashariki, vinavyopokea maiti nyingi zilizochelewa, zisizojulikana zilikufa kwa ugonjwa gani, katika joto la nyuzi 30, njia salama ninayoitetea hapa haina mvuto wa kibiashara: fomalini kidogo mwanzoni, ifanye kazi yake ya kugandisha, kisha iondolewe mwilini kabla mwanafunzi hajainamia meza. Kinachopaswa kupungua kwanza ni ucheleweshaji wa maiti, kwa sababu ndio unaozaa dozi kubwa.

Turudi nyuma kidogo. Ferdinand Blum, daktari wa Frankfurt, ndiye aliyegundua mwaka 1893 kwamba fomaldehaidi inakaza tishu, na inasemekana ngozi ya vidole vyake mwenyewe ndiyo iliyomwonyesha. Kemia yake ni rahisi. Molekuli hii ndogo huunganisha atomi za nitrojeni za protini moja na za protini jirani kwa kidaraja cha kaboni moja. Madaraja yakishakuwa mengi, protini haziwezi kujikunja wala kumeng’enywa, vimeng’enya vya mwili vinazimika, na bakteria wanakufa pamoja na chakula chao. Sehemu iliyofungwa kwenye madaraja haiendi popote kwa urahisi. Inayovuta machozi ya wanafunzi ni ile iliyobaki huru kwenye maji ya tishu, kifuani, tumboni, na kwenye ndoo iliyo chini ya meza. Tofauti hii kati ya iliyofungwa na iliyo huru ndiyo msingi wa hoja yangu yote, na ndiyo inayopotea tunapojadili fomalini kana kwamba ni kitu kimoja.

Uzito wa ushahidi dhidi yake hauna shaka tena. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliiweka kwenye kundi la kwanza mwaka 2004 kwa sababu ya saratani ya nyuma ya pua, na mwaka 2009 likaongeza lukemia. Mwaka huohuo wa 2009, utafiti wa taasisi ya saratani ya Marekani kuhusu wafanyakazi wa nyumba za mazishi ulionyesha kwamba vifo vya lukemia ya aina ya mieloidi vinapanda kadiri miaka ya kuhifadhi maiti inavyoongezeka. Vikomo vyenyewe vinatofautiana kwa kiasi cha kuchekesha: sheria ya kazi ya Marekani bado inaruhusu sehemu 0.75 kwa saa 8 na 2 kwa dakika 15, ilhali taasisi ya utafiti wa usalama kazini ya nchi hiyohiyo inapendekeza 0.016. Aliye kazini hajui amsikilize nani. Kikomo cha Ulaya kiko katikati, na kwa maoni yangu ni lengo linalofikika hata kwa chuo chenye bajeti nyembamba, ilimradi kijue mvuke unatoka wapi.

Kwanza wingi wake. Chukua ukumbi wa mita 20 kwa 10, dari mita 4: mita za ujazo 800. Kikomo cha 0.3 ni sawa na miligramu 0.37 kwa kila mita ya ujazo, hivyo ukumbi mzima unaruhusiwa kubeba chini kidogo ya miligramu 300. Fomalini inayouzwa kwenye mapipa ina takribani gramu 0.4 za fomaldehaidi kwa kila mililita. Maana yake, robo tatu ya mililita ikiyeyukia hewani inaufikisha ukumbi wote kwenye kikomo, na kijiko kimoja cha chai kinaupeleka hadi sehemu 2 kwa milioni. Sasa fikiria maiti moja iliyoingizwa lita 10 za fomalini ya asilimia 10. Hapa pana mtego wa maneno unaowaangusha hata wataalamu: “fomalini asilimia 10” ni sehemu moja ya dawa ya pipa kwa sehemu tisa za maji, na fomaldehaidi yenyewe humo ni asilimia 4 hivi. Lita 10 hizo zina gramu 400 za fomaldehaidi. Hata kama sehemu kubwa imefungwa kwenye protini, asilimia chache tu zilizobaki huru kwenye maiti ishirini zinaushinda ukumbi wowote usio na njia ya kutoa hewa.

Pili, hewa. Kumbi nyingi zina viyoyozi vya ukutani, na watu huamini vinasafisha. Kiyoyozi cha aina hiyo huvuta hewa ya ndani, huipoza, na kuirudisha palepale. Hakileti hata lita moja kutoka nje. Faida yake ni kwamba ubaridi hupunguza kuyeyuka kwa mvuke. Hasara ni kwamba watu hufunga madirisha kwa ajili yake, na hasara hiyo huwa kubwa kuliko faida. Feni ya darini ni mbaya zaidi: inasukuma hewa chini juu ya maiti, kisha hewa hiyo inapanda pembeni ikiwa na mvuke, moja kwa moja kwenye nyuso za wanafunzi walioinama umbali wa sentimita 40. Ukumbi wetu wa mita za ujazo 800 ukibadilisha hewa mara 6 kwa saa unaweza kumeza karibu gramu 1.8 za mvuke kila saa bila kupita kikomo. Ukifungwa, ukabadilisha nusu mara kwa saa, unameza gramu 0.15 tu, mara kumi na mbili pungufu. Kwa hiyo feni za kutoa hewa zilizofungwa ukutani chini, usawa wa meza, upande mmoja, na madirisha wazi upande wa pili, zina nguvu kuliko mabadiliko mengi ya dawa. Chini, si juu: feni ya juu inavuta mvuke uliokwisha kupita puani. Meza zinazonyonya hewa kwa chini ni bora zaidi kwa sababu hiyohiyo. Wengi husema zinafanya kazi kwa kuwa mvuke huu ni mzito. Si kweli; uzito wake unakaribiana sana na wa hewa. Zinafanya kazi kwa sababu zinaunasa pale unapozaliwa.

Pua haitoshi kuwa kipimo. Baada ya dakika kadhaa pua inazoea, mtu akidhani hewa imesafika. Barakoa ya upasuaji haizuii gesi, wala ile nene ya kuzuia vumbi. Inayohitajika ni yenye kichujio kilichotengenezwa kwa ajili ya fomaldehaidi, na hicho hakimfai mwanafunzi wa kila siku kwa bei wala kwa kupumua. Glovu za mpira wa kawaida nazo hupitisha dawa mapema kuliko za nitrili. Vitu hivi ni vya fundi anayechanganya dawa na kufungua maiti. Kumvika kila mtu barakoa maalumu ni kukiri kwamba ukumbi umeshindikana.

Sasa njia mbadala, maana huko ndiko mjadala ulikojaa matangazo. Inayosifiwa zaidi ni ya Walter Thiel wa Graz, Austria, aliyoichapisha mwaka 1992 baada ya miongo ya majaribio. Maiti huingizwa mchanganyiko wa chumvi za naitreti, asidi ya boriki, glikoli, klorokresoli, salfaiti na fomalini kidogo sana, kisha hulazwa kwenye tangi kwa miezi. Matokeo yake ni mwili laini, wenye viungo vinavyokunjika na rangi inayokaribia ya mtu aliye hai. Kwa daktari bingwa anayejifunza upasuaji wa goti au wa kamera tumboni, hakuna kinachoufikia. Lakini Chuo Kikuu cha Dundee huko Scotland, kilipoamua kuhamia njia hii, kililazimika kujenga mochwari mpya yenye matangi yake na kuomba umma uchange pauni milioni 1. Halafu viambato: amonia naitreti ni ileile iliyolipuka bandarini Beirut mwaka 2020, na hakuna mkuu wa chuo atakayependa kueleza kwa vyombo vya usalama kwa nini ameagiza magunia yake. Asidi ya boriki nayo imeorodheshwa Ulaya kuwa yenye madhara kwa uzazi. Tena inalegeza nyuzi za misuli, na ubongo kwa njia hii hubaki mlaini kama uji mzito usipotiwa fomalini peke yake. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetafuta neva ndogo za uso anahitaji tishu iliyokaa imara mahali pake. Ulaini anaousifu bingwa kwake ni usumbufu.

Njia ya pili ni ya spiriti na gliserini pamoja na thimoli, iliyoelezwa vizuri na wana-anatomia wa Leipzig mwaka 2012. Hapa vijidudu huuawa na ethanoli, unyevu hushikiliwa na gliserini, na ukungu huzuiwa na thimoli. Afrika Mashariki inatengeneza ethanoli yake kutokana na molasi za viwanda vya sukari, kwa hiyo malighafi si ndoto. Kuna mambo mawili. Spiriti ya asilimia 70 huanza kutoa mvuke unaoweza kushika moto kwenye nyuzi 17 hivi. Mochwari ya Dar es Salaam au Mombasa isiyopozwa iko juu ya hapo mchana na usiku. Swichi ya kawaida, msumeno wa umeme wa kukatia fuvu, hata friji kuukuu vinatosha kuwasha. Jambo la pili ni kodi: spiriti hutozwa kama kinywaji isipokuwa iwe imetiwa uchungu au chuo kimeombewa msamaha, na ofisi ya manunuzi isiyojua hilo itarudi kwenye fomalini kwa sababu ya bei tu.

Ya tatu ni chumvi iliyokolea. Imetoka kwenye kazi ya Coleman na Kogan ya mwaka 1998, ikafanyiwa majaribio ya upasuaji Japani miaka ya karibuni, na ina fomaldehaidi chini ya asilimia 1. Chumvi tunayo, ya Gongoni na Marereni kaskazini mwa Malindi, ya Uvinza Kigoma, ya Katwe Uganda. Kwa hiyo hushawishi haraka, na hapo ndipo watu hukosea hesabu. Maji ya chumvi iliyokolea kabisa hayaachi bakteria wengi wala kuvu nyingi kuishi. Lakini maiti ya kilo 60 ina maji yake yenyewe kama lita 36. Ukiingiza lita 10 za maji ya chumvi yenye gramu 320 kwa lita, unapata kilo 3.2 za chumvi zilizosambaa kwenye maji zaidi ya lita 40, yaani asilimia 7 hivi. Maabara za hospitali huotesha bakteria wa usaha, stafilokoka, makusudi kwenye chakula chenye chumvi asilimia 7.5. Mpwani anayetengeneza ng’onda anajua siri hii bila hesabu: samaki hahifadhiwi na chumvi pekee, huhifadhiwa na chumvi pamoja na jua linalomnyang’anya maji. Maiti hatuikaushi. Ndiyo maana hata njia ya chumvi haikuthubutu kuacha fomalini na fenoli (dawa nyingine ya kuua vijidudu) kabisa, na anayeziondoa akidhani chumvi inatosha ataona tumbo limebadilika rangi kuwa kijani ndani ya wiki. Kosa jingine: kuchanganya maji ya chumvi iliyokolea na spiriti nyingi. Chumvi hushindwa kuyeyuka, huanguka chini kama mchanga, na kuziba kanula, mrija unaoingiza dawa mshipani.

Nitaje pia, kwa ufupi, dawa zinazouzwa kwa lebo ya “haina fomaldehaidi”. Baadhi hubeba glutaraldehaidi, ambayo inajulikana kusababisha pumu ya kazini. Soma karatasi ya viambato, si lebo. Na wanaosema maiti zilizojazwa plastiki badala ya maji yake ndilo jibu wakumbuke kwamba njia ya Gunther von Hagens ya mwaka 1977 kwa kawaida huanza kwa kukaza mwili kwa fomalini, kisha hupitia asetoni baridi kwa wiki kadhaa. Vielelezo hivyo ni vizuri kwa kushika na kutazama. Kupasua hutapasua.

Wanaotetea fomalini kali wana hoja moja nzito na moja nyepesi. Nzito ni ya maambukizi. Sehemu kubwa ya maiti zinazofundishia Afrika zimekuwa zile ambazo hazikudaiwa na ndugu, na historia yake ya ugonjwa haijulikani. Kifua kikuu, homa ya ini na VVU havina budi kudhaniwa vipo. Fomalini ikifika kwenye pafu inaua vimelea wa kifua kikuu. Ukipunguza dozi ovyo, unamtoa mwanafunzi kwenye hatari ya miaka 20 ijayo na kumweka kwenye ya wiki ijayo. Hoja hii siipingi. Naijibu kwa kusema kwamba kinachoamua ni neno “ikifika”. Dawa ya asilimia 2 iliyofika hadi pembeni mwa pafu ni salama kuliko ya asilimia 8 iliyoishia kwenye bonge la damu shingoni, na spiriti iliyomo kwenye mchanganyiko inaua vimelea haohao. Vimelea vya aina ya prioni, vinavyoharibu ubongo, fomalini haivishindi hata ikiwa kali kiasi gani. Maiti yenye dalili hizo hairuhusiwi kufundishia, basi.

Hoja nyepesi ni ile inayosemwa sana kwenye korido: sote tumesoma na fomalini, mbona tuko hai? Kwanza, anayesema hivyo kwa kawaida ni daktari aliyekaa kwenye ukumbi ule saa chache kwa wiki kwa mwaka mmoja au miwili. Fundi sanifu aliyemchanganyia dawa, akamfungulia maiti na kumwaga ndoo amekaa humo miaka 25, na hayupo kwenye mazungumzo hayo ya korido. Pili, lukemia ni ugonjwa adimu. Hata hatari yake ikiongezeka maradufu, hutaiona kwa kuhesabu wenzako wa darasa. Ndiyo maana ulihitajika utafiti wa mamia ya waliokufa kuuona. Macho mekundu na kikohozi cha kila Jumatatu havihitaji utafiti, lakini vimezoeleka kuwa sehemu ya kusomea udaktari, kama vile kukosa usingizi.

Kwa nini basi dozi zimekuwa kali? Jibu haliko kwenye vitabu vya kemia, liko kwenye ratiba. Maiti isiyodaiwa hukaa mochwari wiki, pengine miezi, ikisubiri polisi, tangazo la gazeti, kibali. Damu imeganda mishipani, utumbo umeanza kujimeng’enya na kuta za mishipa midogo zinavuja. Mara nyingi imeshafanyiwa uchunguzi wa kifo, mishipa mikubwa imekatwa, na hakuna mzunguko wa kupitishia dawa; inabidi kuingiza mahali sita, shingoni pande mbili, makwapani na mapajani, na kumalizia kwa sindano chini ya ngozi. Fundi aliyepewa mwili wa namna hiyo anajilinda kwa kuongeza ukali. Halafu dozi ya dharura inageuka kuwa kanuni ya idara, na inatumika hata kwa mwili ulioletwa jana yake. Kuhifadhi kwenye friji ya nyuzi 4 tangu siku ya kwanza kunasaidia. Kugandisha kuwa barafu kunaharibu, kwa sababu fuwele za barafu hupasua tishu na dawa baadaye huvuja kila upande.

Kwa mwili uliofika ndani ya siku mbili au tatu, mchanganyiko wa lita 10 wa aina hii uko ndani ya kile kinachowezekana: fomalini ya pipa nusu lita, spiriti ya asilimia 95 lita 5, gliserini lita 1, fenoli mililita 200, maji yaliyobaki. Fomaldehaidi hapo ni asilimia 2, nusu ya fomalini ya kawaida. Fenoli huyeyushwa kwanza kwenye spiriti. Ikimiminwa kwenye maji baridi hujitenga kama matone ya mafuta na kuunguza mshipa wa kwanza inaoukuta. Usiiongeze kwa kuogopa ukungu, kwani ikizidi inabadilisha misuli kuwa ya kahawia na kufanya neva zisitofautike na tishu inayozizunguka, na kwa ngozi ya fundi ni sumu inayopenya. Chupa iwekwe juu kati ya mita 1 na 1.5 kutoka mwilini. Mita 1 inatoa msukumo wa milimita 74 za zebaki, mita 1.5 karibu 110, yaani mle mle kwenye shinikizo la damu la mtu aliye hai. Pampu ya umeme inamaliza kazi kwa dakika 40 na watu huipenda, lakini ikizidi nguvu uso huvimba, kapilari hupasuka, na dawa hujaa tumboni badala ya kwenda miguuni. Acha iteremke yenyewe kwa saa kadhaa. Vidole, nyayo, matako na mgongo uliolaliwa hubaki vikavu mara nyingi, hasa kwa wazee ambao ateri za mapaja zimeziba kwa mafuta. Bonyeza: palipo palaini hapajafikiwa, na hapo ndipo sindano inapoingia. Ubongo utolewe na kukazwa peke yake, ukining’inizwa kwa uzi uliopitishwa chini ya ateri ya basila, kwenye ndoo yenye mfuniko ya fomalini ya asilimia 10, wiki tatu au nne.

Hatua inayosahaulika ni ya kutoa. Baada ya wiki sita hadi nane mwili umekaa, madaraja yamejengeka, na fomalini iliyo huru haina kazi tena isipokuwa kudhuru. Kilele cha mvuke ni siku ya kufungua kifua na tumbo, ambamo dawa imetuama kama kisimani. Kazi hiyo ifanywe na mafundi, chini ya feni, kabla ya darasa. Maji yale yanyonywe, ndani paoshwe, kisha mwili uloweshwe kwenye fenoksiethanoli ya asilimia 1. Njia hiyo inajulikana tangu miaka ya 1980, haina harufu ya kuchoma, na inatunza tishu iliyokwisha kukazwa ingawa haiwezi kuikaza yenyewe. Asiyeipata anaweza kutumia kabonati ya amonia: amonia hukamata fomaldehaidi huru na kuigeuza heksamini, ambayo haigeuki mvuke kwa urahisi. Ndoo ya chini ya meza iwe na mfuniko. Nimeshangaa daima jinsi kitu hiki cha bei ya chini kinavyoachwa wazi kwenye kumbi zenye meza za gharama. Wala asitokee wa kusafishia sakafu yenye fomalini kwa jiki au kwa asidi ya chooni. Asidi hiyo ya haidrokloriki ikikutana na fomaldehaidi inaweza kuzaa etha yenye klorini ambayo ni kisababishi kikali cha saratani ya mapafu, na jiki nayo huchemka na kutoa gesi.

Bei ya fomalini kidogo ni ukungu, na kwenye unyevu wa pwani hulipwa mapema. Hauanzii mahali dawa ilipo dhaifu tu. Huanzia kwenye kitambaa cha kufunikia kilichofuliwa kwa maji ya bomba na kurudishwa kibichi, na kwenye masikio, vidole na kingo za ngozi zilizokauka. Kitambaa kiloweshwe dawa ileile yenye fenoksiethanoli au thimoli, juu yake nailoni. Ukungu ukishaonekana, kuupangusa kavu ni kusambaza mbegu zake ukumbi mzima.

Yote haya yana tafsiri ya kisera ambayo haijaandikwa kwenye agizo la Ulaya. Shirikisho la kimataifa la vyama vya wana-anatomia lilipendekeza mwaka 2012 kwamba maiti za kufundishia zitoke kwa wanaojitolea wakiwa hai. Pendekezo hilo hujadiliwa kwetu kama suala la maadili peke yake, na kwa kweli ni la maadili. Lakini ni la kemia vilevile. Aliyejitolea anajulikana alikuwa na ugonjwa gani, familia inapiga simu siku ileile, mwili unafika haujaguswa na kisu, na dozi ya asilimia 2 inatosha. Nchi isiyo na utaratibu wa kujitolea inanunua fomalini ya kufidia ucheleweshaji wa makaratasi yake, na anayelipa ni mapafu ya mafundi. Sheria za usalama kazini tunazo, ya Tanzania ya mwaka 2003 na ya Kenya ya mwaka 2007, na ukumbi wa anatomia ni mahali pa kazi kama kiwanda cha rangi.

Chuo kinachotaka kuanza kesho kisianze na tenda ya dawa mpya. Kipime kwanza. Beji ya kupimia ivaliwe kolani na fundi, si kutundikwa ukutani karibu na dirisha, na iwe siku ya kufungua vifua, si siku ya mtihani wa nadharia. Tena iwe ile ya kemikali inayopelekwa maabara kusomwa, kwa sababu vile vidude vya mkononi vyenye namba nyekundu vinavyouzwa rahisi huichukulia ethanoli kuwa fomaldehaidi. Ukumbi uliohamia kwenye spiriti utaonekana kwenye kidude hicho mchafu kuliko ulivyokuwa, na mtu wa manunuzi atapata sababu ya kurudisha mapipa ya zamani.